Mbung'o Aliyetupeleka Seibersdorf



Niliombwa nizungumzie ziara ambayo mimi na wenzangu tulifanya kwenye maabara ya Seibersdorf, nchini Austria, nilipokuwa bado katika utumishi wa mifugo. Nitaizungumzia. Lakini nimeona haya kusimama Shinyanga nikasimulia habari za ng'ambo saa nzima, kana kwamba utafiti ni kitu ambacho lazima kifuatwe kwa ndege. Kwa hiyo tutakwenda Austria upesi na kurudi mapema, maana sehemu kubwa ya niliyoyaona huko ina mzizi wake Old Shinyanga, nje kidogo tu ya mji huu.

Seibersdorf ni kijiji. Kipo kama kilomita 35 kusini-mashariki ya Vienna, katikati ya mashamba ya tambarare ambayo hayamshangazi mtu wa Shinyanga, isipokuwa kwamba hayana ng'ombe. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lina maabara zake pale, na sehemu ya wadudu linaiendesha pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Tulivalishwa makoti meupe, tukapitishwa mlango mmoja na wa pili, tukaingia chumba chenye joto na unyevu. Harufu iliyotupokea ilikuwa ya damu. Katika nchi inayoanguka theluji, ndani ya chumba kile walikuwamo mbung'o kwa maelfu.

Wanafugwa katika vizimba vidogo vya duara vilivyofunikwa wavu. Wakati wa kula, vizimba hupangwa juu ya utando mwembamba wa silikoni, na chini ya utando kuna damu ya machinjioni iliyopashwa moto mpaka ikakaribia joto la mwili wa ng'ombe. Mbung'o anachoma utando akidhani ni ngozi. Dakika chache tumbo limevimba, limekuwa jekundu, ameshiba. Nilisimama pale nikifikiria fedha zote ambazo wafugaji wetu wamezimwaga kumzuia mdudu huyu asipate kile ambacho hapa analetewa kwa ratiba, na mtu mwenye shahada anaandika kama amekula vizuri.

Kwa nini wanamlea? Hapa naomba vijana wanisikilize, kwa sababu jibu lote limo katika uzazi wa mbung'o. Mdudu huyu hatagi mayai kama nzi wa jikoni. Jike hubeba buu mmoja tu tumboni, humlisha humo humo kwa tezi ya maziwa, na kila baada ya siku tisa au kumi humzaa akiwa mnene kukaribia uzito wa mama yake. Buu hujichimbia kwenye udongo wa kivulini, ngozi yake hukauka ikawa ganda, akawa pupa, na baada ya mwezi hivi anatoka mbung'o kamili. Jike akiishi maisha marefu atazaa watoto wachache tu. Tena kwa kawaida hupandwa mara moja, akahifadhi mbegu ya dume yule kwa uhai wake wote.

Sasa mchukue dume, umpige mionzi ya gama kwa kipimo kinachofaa. Hafi. Anaruka, anakula, anatafuta jike. Ila jike aliyekutana naye hatazaa, na kwa kuwa amekwisha kupandwa, mara nyingi hatafuti dume mwingine. Ukiwaachia madume wa namna hiyo porini kwa wingi kuliko madume wa asili, na ukarudia wiki baada ya wiki, kizazi kinafifia bila kumwaga sumu juu ya nchi nzima. Mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo najua na ninyi mnalo: madume hao hawaumi? Wanauma, kwani mbung'o dume na jike wote wanakunywa damu. Ndiyo maana kabla ya kuachiwa hulishwa damu iliyochanganywa isometamidiamu, ile ile ambayo wafugaji mnaijua kwa jina la Samorin, ili wasibebe vimelea vya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o.

Kwetu jambo hili lilikwisha kufanyika, na lilifanikiwa. Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni. Kwanza ng'ombe walipakwa dawa na mitego ikawekwa, idadi ikapungua. Kisha kuanzia mwaka 1994 ndege zikaangusha madume tasa waliozalishwa Tanga, katika kituo cha utafiti wa mbung'o na nagana, zaidi ya milioni nane kwa jumla. Mbung'o wa asili wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Taarifa ya kisayansi ya kazi hiyo ilitoka mwaka 2000, na kati ya majina ya waandishi yamo ya Wazanzibari, Khalfan Saleh wa pili tu baada ya Marc Vreysen. Nayataja majina haya makusudi. Nitawaeleza sababu mbele.

Kitabu kikuu cha mbinu hii, kilichohaririwa na Dyck, Hendrichs na Robinson na kutoka mwaka 2005, kinafuatilia wazo la kumtumia mdudu dhidi ya uzazi wake mwenyewe mpaka kwa watu watatu waliofanya kazi kila mmoja kivyake. Mmoja ni Serebrovsky wa Moscow. Wa pili ni Knipling wa Marekani, aliyeongoza vita ya funza wa vidonda vya mifugo, na ushindi wake wa kwanza mkubwa ulikuwa katika kisiwa cha Curaçao mwaka 1954. Wa tatu ni F. L. Vanderplank, Mwingereza, mtumishi wa Idara ya Utafiti wa Mbung'o ya Tanganyika. Huyu hakuwa Moscow wala Marekani. Alikuwa Old Shinyanga.

Naona wazee wawili watatu wanatikisa vichwa. Tunajua sote nani alikuta almasi Mwadui mwaka 1940. Mtoto wa darasa la tano atakutajia Williamson. Geita, kila mtu anajua mgodi wa kikoloni ulivyofanya kazi mpaka ukafungwa miaka ya 1960, na huu wa sasa ulivyoanza mwaka 2000. Lakini kwamba hapa palikuwa na kituo ambacho wataalamu wa wadudu wa dunia nzima walikisoma katika majarida yao, hilo tumeliacha lisinzie. Jiwe linalong'aa lina wasemaji wengi.

Vanderplank alifanya nini? Katika maeneo haya kulikuwa na aina mbili za mbung'o wa mbugani zinazofanana sana kwa macho: morsitans, anayependa miombo upande wa magharibi na kusini, na swynnertoni, anayevumilia ukame wa migunga na vichaka vya miiba. Aina hizi mbili hupandana. Vanderplank na wenzake, Potts na Jackson, waliona kwamba ndoa hizo za mchanganyiko huzaa watoto wachache mno, na madume machotara ni tasa. Mwaka 1944 aliandika barua fupi katika jarida la Nature akipendekeza kwamba hili ni silaha. Ukiwajaza morsitans katika pori la swynnertoni, watapotezeana uzazi. Na kama pori lenyewe ni kavu mno kwa morsitans, basi atakayebaki atakufa kwa ukame.

Akajaribu. Kuanzia Agosti mwaka huo, kwa miezi saba hivi, pupa wa morsitans zaidi ya 100,000 walikusanywa na kupelekwa katika kipande cha pori chenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 26. Pupa wa mbung'o hawachotwi kwa koleo. Mtu anapiga magoti chini ya gogo au kwenye kivuli cha kichaka, anapekua udongo kwa vidole, anapata kimoja, viwili, mahali pengine hapati kitu. Fanyeni hesabu ya magoti yaliyotumika kupata laki moja. Swynnertoni wakatoweka katika kipande kile. Morsitans nao, kama ilivyotarajiwa, wakashindwa na ukame. Wenyeji wakaingia, wakafyeka, wakalima.

Halafu? Halafu Vita ya Pili ya Dunia ikaisha, DDT ikaingia, na nani tena atapiga magoti kutafuta pupa wakati kuna ndege ya kunyunyizia dawa? Wazo likawekwa pembeni. Halikufa, kwa sababu Potts, yule yule wa Shinyanga, mwaka 1958 alichapisha matokeo ya kuwapiga mbung'o mionzi ya gama mpaka wakawa tasa. Miaka ya 1970 majaribio ya kuachia madume tasa yakafanyika ranchi ya Mkwaja, mkoani Tanga. Kutoka Mkwaja mstari unakwenda Unguja. Kwa hiyo nilipokuwa Seibersdorf nikishangaa utando wa silikoni, nilikuwa kwa namna fulani nikitazama mjukuu wa jaribio la hapa, ambaye amekulia Ulaya na hajui lugha ya nyumbani.

Sasa turudi nyuma zaidi. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o, ule wa aina kali, ulizuka upande wa Maswa, kusini-mashariki ya Mwanza. Bwana Nyama mkuu wa Tanganyika wakati huo alikuwa Charles Francis Massy Swynnerton, mtu aliyeishi miaka mingi Chirinda, Rhodesia ya Kusini, akichunguza ndege, vipepeo na miti. Alitumwa kuangalia. Mbung'o aliyemkuta huko hakuwa ameandikwa katika vitabu, na mwaka uliofuata Austen wa London akampa jina lake: swynnertoni. Mdudu wetu akapata ubini wa Kiingereza. Mwaka 1925 Swynnerton alichapisha habari ya jaribio la kumdhibiti mbung'o hapa Shinyanga. Mwaka 1929 aliacha kazi ya wanyamapori akawa mkurugenzi wa Idara ya Utafiti wa Mbung'o, mwanzo makao yakiwa Kondoa Irangi, kisha Old Shinyanga.

Msafiri kutoka Ulaya hakuwa na shida ya kufika. Reli ya Tabora ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928, na kituo cha Shinyanga kipo njiani. Angekuta nyumba chache, maabara, makabati ya wadudu waliochomwa pini, na nje, pori lililogawanywa vipande kama shamba la mtihani. Kipande hiki kimezuiwa moto kwa miaka. Kile huachwa nyasi zikomae, kisha huchomwa mwisho wa kiangazi kwa mkupuo mmoja, moto uwe mkali kabisa. Pengine wanakata baadhi ya miti tu na kuacha mingine, kuona mbung'o anakosa kivuli gani. Pengine wanamkamata kwa mkono, siku hadi siku, kuona kama atakwisha. Hata leo sijui mahali pengine Tanganyika ya wakati ule ambapo swali moja liliulizwa kwa njia nyingi kiasi hicho kwa wakati mmoja. Swynnerton aliyakusanya yote katika kitabu kikubwa cha mwaka 1936 kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa rejea ya lazima kwa kila aliyeingia kazi hii.

Kati ya wote waliofanya kazi pale, ninayempenda ni Jackson. Alitaka kujua jambo linaloonekana la kitoto: porini kuna mbung'o wangapi? Huwezi kuwahesabu. Kwa hiyo aliwakamata wachache, akawatia nukta ya rangi ya mafuta mgongoni, akawaachia, kisha akakamata tena. Ni kama mtu aliyepaka chokaa mbuzi mia moja mnadani, akawachanganya na wengine, kesho akashika mia bila kuchagua akakuta kumi wana chokaa. Atakisia kwamba mbuzi wote ni elfu moja. Ugumu ni kwamba mbung'o wanakufa, wanazaliwa, wanahama, na nukta lazima ieleze walipakwa wiki gani na mahali gani. Jackson aliweka rangi tofauti na sehemu tofauti za mgongo, akatengeneza hesabu ya kurekebisha vifo na uhamiaji, akachapisha mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuendelea miaka ya 1940. Leo wanaohesabu samaki, popo na simba kwa alama wanatumia elimu ambayo sehemu ya msingi wake ilijengwa kwa brashi ndogo ya rangi katika pori la Shinyanga.

Lakini nani alishika wavu?

Hapa mgeni wa Ulaya alikuwa na tatizo la macho, na nadhani tumelirithi. Kila siku vikundi vya Waafrika vilitembea njia zilezile porini, wakiwa na kitambaa cheusi cha kumvutia mbung'o na nyavu za mkono. Wakifika alama wanasimama, wanawakamata waliotua juu ya kitambaa au juu yao wenyewe, wanatenganisha dume na jike, wanaangalia nani ana njaa na nani ameshiba, wanaandika, wanasonga mbele. Wao ndio walikuwa chambo. Kila nambari katika makala za Jackson na Potts ilipita mikononi mwao kwanza. Kumtofautisha swynnertoni na morsitans aliye hai, anayepapatika ndani ya wavu, si kazi ya mbeba mizigo. Walakini katika maandishi wanaitwa kwa neno moja la Kiingereza ambalo humwita mtu mzima kuwa mtoto wa kiume, na baada ya hapo hakuna jina.

Nakubali kwamba ndivyo dunia yote ilivyoandika wakati ule, hata maabara za London hazikuwataja wasafishaji vioo wao. Hilo halinitoshi. Msafisha vioo hakuhatarisha damu yake kwa malale.

Na wale waliofyeka? Njia ya haraka kuliko zote ilikuwa shoka. Watu walikusanywa kwa maelfu, kwa amri ya watemi, Makwaia wa Usiha miongoni mwao, wakafyeka vichaka maili kwa maili ili mbung'o akose kivuli na ng'ombe wapate malisho. Mwana wa Makwaia, Kidaha, alikuja kusoma Makerere na kisha Oxford, kwa hiyo ukoo mmoja ulipokea wageni na kutoa mgeni. Wafyekaji waliobaki vijijini walipata ardhi, hilo ni kweli, na wengi waliifurahia. Vitabu vya idara vinawasifu kama umati. Umati haupewi nakala ya ripoti.

Mwezi Juni mwaka 1938 Swynnerton alikufa kwa ajali ya ndege pamoja na Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ambaye ufunguo wake wa kutambua miti na vichaka vya Tanganyika ulianza kutoka mwaka uliofuata. Watu wawili waliolijua pori hili kwa jina la kila mti wakaondoka siku moja. Idara iliendelea, lakini nadhani, na haya ni maoni yangu tu, ilipoteza kitu cha upole. Kati ya 1945 na 1951 likafanyika jaribio ambalo mpaka leo siwezi kulisoma bila kuumia: wanyamapori wa eneo kubwa la Shinyanga walipigwa risasi kwa maelfu, kuona kama mbung'o akikosa damu ya nyati, pofu, ngiri na pongo atakufa njaa. Matokeo yalichapishwa na Potts na Jackson. Mbung'o kweli walipungua sana. Waliobaki kujiuliza nyama ilikwenda wapi ni wazee wetu, na wengine wanadai waliila mpaka wakaichoka. Kama sayansi, jaribio lilijibu swali. Kama mwenyeji, nauliza ni nchi gani ya Ulaya ingekubali swali liulizwe namna hiyo nyumbani kwake.

Na shoka nalo lilikuwa na deni. Ufyekaji wa mbung'o haukuwa peke yake; pamba, wingi wa ng'ombe, mkaa na kuhamia vijijini vilifanya kazi yao. Lakini kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inatajwa kama jangwa linalokuja, na mwaka 1986 ikaanzishwa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Maafisa walipokuja na miche ya kitaluni, wakagundua kwamba Wasukuma wana ngitili: kipande kinachofungwa wakati wa masika, nyasi na vichipukizi vikakua, kikafunguliwa kiangazi ng'ombe wapate chakula. Mti uliokatwa ukabaki na mzizi hauhitaji kitalu, unahitaji kuachwa. Ngitili zikarudi, kutoka hekta mia chache mpaka zaidi ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu ambao baba zao walichosha viganja wakifyeka ndio waliofunga vipande ili miti irudi, na sikusikia yeyote akiona ajabu.

Mtu mmoja wa idara aliyaona haya mapema kuliko wenzake. John Ford alijiunga na utafiti wa mbung'o Tanganyika mwaka 1938, akazunguka Afrika kwa miongo mitatu, na mwaka 1971 akatoa kitabu kinene ambacho baadhi ya wenzake hawakukipenda. Hoja yake, kwa maneno yangu: kabla ya ukoloni watu wa Afrika Mashariki hawakuwa wamekaa wakingoja kuokolewa kutoka kwa mbung'o. Kwa makazi, mashamba, moto na malisho walikuwa wamemsukuma mbung'o pembeni, na mifugo yao iliyagusa mapori kidogo kidogo kiasi cha kuzoea. Halafu ukaja ugonjwa wa sotoka miaka ya 1890, ukaua ng'ombe. Njaa, ndui na vita vikafuata. Watu wakapungua, pori likarudi, na mbung'o ndani yake. Mzungu alipofika akaliona pori akadhani ni la tangu kuumbwa kwa dunia. Helge Kjekshus alilifuata wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya historia ya mazingira ya Tanzania bara. Unaweza kubishana na Ford juu ya mengi, na wanahistoria wanabishana, wakisema anayapamba maisha ya kale. Lakini mtu aliyeajiriwa kuleta suluhisho kisha akaandika kwamba suluhisho lilikuwapo kabla yake, huyo namvulia kofia.

Geita ni ushahidi wake wa karibu. Katika miaka ya 1940 serikali iliiona Geita kama ardhi ya kupunguzia watu na mifugo iliyojaa Usukuma ya kati, na Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliwaelekeza huko. Kikwazo kilikuwa mbung'o. Idara ilifyeka baadhi ya njia, kweli, lakini kilichomwondoa mbung'o katika sehemu kubwa ya Geita ni kaya zilizoingia na jembe, zikafuatana kwa ukaribu mpaka vichaka vikakosa nafasi. Mtu wa pamba na mtu wa dhahabu walipita katika pori lilelile. Leo pori la mbung'o limesogea kuelekea Kigosi na Moyowosi, na wanaolifuata ni warina asali, wafugaji na wachimbaji wadogo. Naongea na ninyi mlioko nyuma. Mkiingia huko kwa wiki mbili, mkiumwa na mbung'o, na baadaye homa ikawashika isiyosikia dawa ya malaria, mwambieni daktari mlikuwa wapi. Malale ya kwetu ni ile ya upesi, haingoji miaka kama ile ya Kongo. Mganga asipojua ulikuwa Kigosi hataitafuta kwenye hadubini.

Na yule swynnertoni aliyechukua jina la mkurugenzi? Shinyanga ameondoka. Ukitaka kumwona sasa nenda Serengeti au Tarangire, ambako magari ya watalii yanamlisha vizuri tu.

Kituo nacho kiliondoka. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia utafiti wa mbung'o ukawa wa pamoja kwa Afrika Mashariki yote, na makao makuu yakahamia Tororo, Uganda, chini ya shirika lililojulikana kwa kifupi EATRO. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na kipande chake; sisi tukabaki na Tanga. Makala za Old Shinyanga zipo London na kwenye maktaba za vyuo vya Ulaya, na siku hizi nyingi zinasomeka kwa intaneti kwa atakayelipa. Nimezisoma nyingi kati ya hizo. Nikifika ukurasa wa shukrani natafuta jina la Kisukuma au la Kinyamwezi kama mtu anayetafuta jina la mwanawe katika orodha ya waliofaulu. Ndiyo maana nilisoma jina la Khalfan Saleh mara mbili.

Ndugu Mwenyekiti, una haki ya kuniuliza ninataka nini. Sitaki kituo kifunguliwe upya. Mbung'o hayupo hapa, na Tanga inatosha. Nataka jambo dogo linaloweza kuanza leo jioni. Humu ndani kuna wajukuu wa watu waliobeba kitambaa cheusi, wa wachukua pupa wa mwaka 1944 na 1945, wa waliopiga kambi kwenye mistari ya ufyekaji. Wengine nyumbani wana kipande cha karatasi ya mshahara, picha, au hadithi ambayo babu aliirudia mpaka mkaichoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanahistoria, na Nyaraka za Taifa zina mafaili ya idara ile. Kinachokosekana katika mafaili ni kile mlicho nacho ninyi.

Nimeacha daftari kwa katibu, pale mlangoni. Kila ukurasa una nafasi ya jina la mzee, kijiji chake, kazi aliyofanya, alikuwa na nani, na mwaka, hata kama ni wa kukadiria kwa njaa au kwa mtemi aliyekuwa akitawala. Andikeni namba ya simu ya mtu wa kuulizwa baadaye. Wasiojua kuandika, vijana wa chuo cha ualimu wamekubali kukaa pale na kalamu mpaka saa kumi na mbili, na wa kutoka Geita wataandikiwa kwanza kwa sababu basi lao haliwasubiri.